Kibali cha Kupandwa na Mama Mariamma

Ilitangazwa rasmi, kwa barua yenye mihuri minne iliyobandikwa kwenye mlango wa hekalu, kwenye mwarobaini wa uani na kwenye ukuta wa duka la chai, kwamba kuanzia sikukuu ya mwaka huu Mama Mariamma, mungu wa kijiji cha Vagaiyur, hataruhusiwa kumpanda mtu yeyote kichwani bila kibali cha maandishi.

Watu wa duka la chai walikuwa wa kwanza kuisoma.

"Hataruhusiwa nani?" aliuliza mkaanga bajia, mikono imejaa unga wa dengu.

"Mama."

"Na nani kamwambia?"

"Si wamembandikia barua mlangoni kwake?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini watu wa duka la chai hucheka kila kitu. Bwana Sabapathi, Ofisa Mtendaji wa Hekalu, aliyeiandika barua hiyo kwa siku tatu na kuisahihisha kwa mbili, hakuona cha kuchekesha. Alikuwa amekomesha uhuni uliodumu miaka mia tatu. Kwa miaka yote hiyo mungu alikuwa akija anapotaka, akimpanda amtakaye, akisema alitakalo, kisha anaondoka bila hata kusaini daftari la wageni.

Wala Sabapathi hakuwa akijipa madaraka yasiyo yake. Katika nchi yao sheria iko wazi: mungu wa hekaluni ni mtu kamili, anamiliki mashamba, anashtaki na kushtakiwa, ila anahesabiwa kuwa mtoto mdogo asiyefikia umri na hataufikia kamwe. Mtoto lazima awe na mlezi, na mlezi wa Mama Mariamma aliyeteuliwa na serikali alikuwa Sabapathi. Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye kiti chake, alikuwa akiisoma barua ya uteuzi iliyowekwa kwenye fremu, na kila asubuhi moyo wake ulijaa.

Tatizo lilikuwa bwawa.

Bwawa la Vagaiyur ni mali ya Mama. Siku ya mwisho ya sikukuu hubebwa mle kwenye chungu chake kilichofunikwa maua, akaogeshwa, na kwa siku nyingine zote wanakijiji hunywa, hufua na kunywesha mbuzi humo humo. Miaka miwili nyuma, Bwana Kathiresan, shemeji yake Waziri Ilangovan, alilizungushia nguzo na nyaya akaanza kufuga samaki. Tangu hapo wanawake wa Vagaiyur wanakwenda maili mbili kuchota maji ya pampu yenye chumvi, na ukiwaona wanavyorudi saa sita mchana na ndoo tatu tatu, huwezi kusema kitu cha kistaarabu. Walipeleka malalamiko mara kumi na nne. Yote yalipokelewa.

Mwaka jana, mbele ya Mkuu wa Wilaya na kamera za televisheni, Mama alimpanda Bibi Pechi, mchunga mbuzi, kama alivyompanda kila mwaka kwa miaka arobaini na moja. Akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Nani kanifungia bwawa langu? Mnataka nioge wapi, kwenye vumbi?"

Kesho yake Sabapathi aliitwa mjini. Alisimamishwa mbele ya meza ya Waziri kwa dakika ishirini, kisha akaulizwa swali moja tu: "Wewe si ndiye mlezi wake? Mbona mtoto wako hana adabu?"

Swali hilo lilimchoma Sabapathi, maana lilikuwa la haki. Alipokuwa akitoka, katibu wa Waziri alimnong'oneza kwamba nafasi ya Naibu Kamishna kule makao makuu Chennai ilikuwa wazi, na kwamba Mheshimiwa mwenyewe angehudhuria sikukuu ijayo. Mungu akinyamaza kuhusu bwawa, jina la Sabapathi lingependekezwa. Akisema tena, kulikuwa na hekalu moja porini lililokuwa likihitaji ofisa, na nyoka wake walikuwa wanafahamika.

Ndipo Sabapathi akabuni Fomu Namba Tatu, Maombi ya Kupandwa na Mungu.

Ilikuwa fomu nzuri. Iliuliza jina la mwombaji, elimu yake, na kama amewahi kupatikana na hatia. Iliuliza: "Je, mungu aliwahi kukupanda bila kibali? Kama ndiyo, eleza kwa nini hukutoa taarifa." Iliuliza muda wa kupandwa, usiozidi dakika kumi. Na kipengele cha tisa, ambacho Sabapathi alijivunia kuliko vyote, kilisema: "Ambatanisha nakala tatu za maneno atakayoyasema mungu."

Bibi Pechi aliingia ofisini siku ya pili, miguu mitupu, harufu ya mbuzi ikamtangulia. Alikuwa mwembamba, mweusi tii, na pete za masikio zilizokuwa zimevuta ndewe zake mpaka karibu na mabega.

"Baba, nimesikia kuna karatasi."

"Kaa, bibi. Umri wako?"

"Nilizaliwa mwaka wa ile gharika kubwa."

"Gharika ipi?"

"Ile ya kabla ya ile unayoijua wewe."

Sabapathi alipiga hesabu, akaweka kalamu chini kwa huzuni ya kweli. "Bibi, watumishi wa umma wanastaafu wakifika miaka hamsini na minane. Wewe umepitiliza sana. Umekuwa ukipandwa kinyume cha taratibu."

"Mimi sikujiajiri, mwanangu. Anakuja mwenyewe."

"Ndiyo kasoro yenyewe tunayoirekebisha."

Asiseme mtu kwamba alimtupa. Alimwandalia hafla. Alimvika shali, akampa saa ya ukutani, akatoa hotuba ya nusu saa kuhusu utumishi uliotukuka. Bibi Pechi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza saa ile inataka betri za aina gani, akaenda zake kwa mbuzi wake. Kwenye faili lake paliandikwa: amestaafishwa kwa manufaa ya umma.

Katika waombaji wote alipita mmoja tu, Mwalimu Nallamuthu wa hesabu, mwenye diploma, mwandiko mzuri na tabia isiyo na doa. Mama hakuwahi kumpanda hata siku moja, kwa hiyo hakuwa na kosa la nyuma la kueleza. Kipengele cha tisa alikijaza hivi: "Nimeridhika na maendeleo. Naishukuru serikali." Nakala tatu.

Ratiba ya siku ya kilele ilichapwa kwenye karatasi ya rangi. Saa tano kamili, Mheshimiwa kufungwa uzi. Saa tano na dakika kumi, mungu kupanda. Saa tano na dakika ishirini, mungu kushuka. Saa tano na nusu, uzi kufunguliwa. Saa sita, chakula cha Mheshimiwa.

Sudalai, kuhani wa hekalu, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa, aliisoma ratiba ile mara mbili.

"Huo uzi wa Waziri," alisema, "ni wa nini?"

"Wa picha."

"Uzi wa manjano si wa picha, Bwana Ofisa. Aliyefungwa ameshafungwa. Hatoki mpaka wa kijiji hadi Mama aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhika, na Mama haridhiki mpaka aliyepewa heshima ya mwaka amkubalie anachotaka. Hata babu zetu walikuwa hivyo."

"Dakika ishirini tu, Sudalai."

"Mimi sina neno," alisema kuhani, akaenda kutwanga manjano.

Siku ikafika. Zile ngoma za mkono, zenye sauti ya mtu anayebishana, zilianza tangu asubuhi. Wanawake walikuja na vyungu vya uji wa ulezi vichwani, vimezungushwa majani ya mwarobaini, vijiji saba vizima. Waziri Ilangovan alishuka garini akiwa na shuka jeupe, shati jeupe na meno meupe. Saa tano kamili alinyoosha mkono, Sudalai akamfunga uzi wa manjano kwenye kifundo, kamera zikawaka, na Waziri akainua mkono juu watu wote wauone. Waliuona vizuri.

Saa tano na dakika kumi, Mwalimu Nallamuthu alianza kutetemeka.

Alitetemeka kwa heshima na kwa mpangilio, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Sabapathi alitazama saa yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sudalai akawasha kipande cha kafuri kwenye sahani ya shaba, akamsogelea.

"Karibu, Mama. Toa ulimi."

Mwalimu alifumbua jicho moja. "Wa nini?"

"Mama hupokea kafuri inayowaka ulimini. Ndiyo tunavyomjua."

Mwalimu aliutazama moto ule. Alikuwa mtu wa hesabu. "Mungu ameshuka," alisema, akaketi.

Kicheko kilichotoka pale uwanjani kilikimbiza kunguru. Sabapathi akapaza sauti kwenye spika kwamba lilikuwa tatizo dogo la kiufundi, wananchi wavute subira, mungu yuko njiani.

Ikapita saa sita. Waziri akala. Ikapita saa saba. Mpiga ngoma alibadilishana na nduguye. Mabinti wa rika zote, ambao miaka mingine walikuwa wakipandwa na kuanguka kama maembe upepo ukivuma, mwaka huu walisimama wima, mikono kifuani. Sabapathi aliwapitia mmoja mmoja akiuliza kwa upole kama kuna yeyote anayejisikia vibaya.

"Hatuna kibali, kaka," walimjibu.

Saa nane simu ya Waziri ililia. Kesho asubuhi, kule Chennai, kiongozi wa chama angegawa tiketi za kugombea uchaguzi, ndege ya kutoka Madurai ilikuwa ya saa moja jioni, na kutoka Vagaiyur mpaka Madurai ni mwendo wa saa tatu barabara ikiwa na huruma. Waziri akamwita Sudalai.

"Kuhani, nikate huu uzi?"

"Mkasi huu hapa, Mheshimiwa. Sisi hatumzuii mtu."

Waziri alitazama mkasi. Kisha akatazama uwanja. Watu walikuwa elfu nne, na karibu wote walikuwa wameinua simu zao wakimpiga picha. Akamgeukia dereva wake aliyesimama pembeni.

"Washa gari."

"Ukipanda na uzi mkononi, Mheshimiwa, mimi sitaendesha," alisema dereva. "Nina watoto watatu. Yule diwani aliyeukata mwaka ule, unajua kilichompata?"

"Nini kilimpata?"

"Basi kama hujui, usimuulize mshika usukani."

Waziri akausukuma mkasi kando. Usimcheke, maana mama yake naye alimlea kwa uji wa hekaluni, na hofu ya utotoni haiondoki kwa kuapishwa. Alimshika Sabapathi ukosi, akitabasamu kwa ajili ya kamera.

"Yuko wapi yule bibi?"

"Amestaafu, Mheshimiwa."

"Nikihesabu mpaka kumi awe ameacha kustaafu."

Sabapathi alimtuma karani. Karani akarudi mbio na jibu kwamba Bibi Pechi anawasalimu, yeye ni raia mwema na hataki kuvunja sheria uzeeni. Ikabidi Ofisa Mtendaji aende mwenyewe, kwa miguu, juani, viatu vikijaa mchanga. Alimkuta kivulini nyuma ya nyumba anamkamua mbuzi. Saa ya ukutani ilikuwa imening'inizwa kwenye banda la mbuzi.

"Bibi, njoo. Waziri anakungoja."

"Mimi mstaafu, mwanangu."

"Nakurudisha kazini."

"Kwa mdomo?"

Sabapathi akachuchumaa. Aliandika barua juu ya goti lake, jasho likidondokea wino, mkataba wa siku moja wenye vipengele vyote vya Fomu Namba Tatu. Akagonga muhuri aliokuwa akiubeba mfukoni popote aendapo.

"Nisomee," alisema bibi. Akamsomea. "Hapo umeandika dakika ngapi?"

"Kumi."

"Futa. Mimi siwezi kumwambia Mama aondoke."

Akafuta.

"Na pale pa maneno atakayosema? Mwalimu aliandika. Mimi niandike nini? Sijui atasema nini. Wala sijui kama atakuja, baba, sikudanganyi. Huenda mmemuudhi."

Simu ya Sabapathi ilikuwa inalia. Alijua ni nani. Kwenye kipengele cha tisa aliandika: "Mlezi anaidhinisha yote yatakayosemwa." Akasaini. Katika miaka ishirini na sita ya utumishi hakuwahi kusaini mahali patupu.

Waziri aliisoma barua ile mpaka kipengele cha tisa, akaitia mfukoni. Bibi Pechi aliingia uwanjani kimya kimya, akajimwagia maji ya manjano, akashika kitawi cha mwarobaini akasimama mbele ya hekalu. Hakutetemeka. Ngoma zikapandisha, zikashuka, zikapandisha tena. Sabapathi alianza kuomba, na ajabu ni kwamba alikuwa akimwomba mtoto wake mwenyewe aje na asije, yote mawili kwa pamoja.

Kisha nywele za bibi zikafunguka. Mgongo uliopinda ukanyooka. Alipogeuka, watu wa mbele walirudi nyuma hatua tatu bila kuambiwa. Sudalai akaweka kafuri inayowaka juu ya ulimi uliotolewa, na mdomo ukaifumbata kama peremende.

Wanawake wakapiga vigelegele. Sabapathi alikuwa ameandaa maneno ya kumkaribisha mungu kwa niaba ya idara, lakini magoti yake yalikwisha kugusa chini.

"Nani kafungwa uzi?" Sauti haikuwa ya mchunga mbuzi.

"Ni mimi, Mama," alisema Waziri.

"Unataka nini?"

"Kwenda Chennai, Mama."

Uwanja ukaguna kwa kicheko kilichozuiliwa.

"Mimi nataka kuoga."

Waziri alijifuta uso. Kamera zilikuwa karibu kiasi cha kumhesabu kope. "Mama, suala la bwawa tunalifahamu. Tutaunda kamati."

"Kamati inaogewa?"

"Mama, kuna mchakato. Litashughulikiwa kwa..."

"Lini?"

"Katika kipindi kijacho cha..."

Ngoma zikanyamaza zote kwa mpigo. Simu ya Waziri ikalia, ikakata, ikalia tena. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Leo, Mama," alisema Waziri. "Nguzo zinatoka leo. Bwawa ni lako, shemeji yangu hana haki nalo. Nimesema mbele ya watu."

"Kwa mkono wa nani?"

Waziri alitazama kulia, akatazama kushoto. Msaidizi wake alikuwa amejificha nyuma ya jenereta. Kidole cha Mheshimiwa kikazunguka uwanja mzima kabla hakijatua.

"Wa huyu, Mama. Mlezi wako. Mwenyewe ameidhinisha kwa maandishi kila utakachosema."

Kitawi cha mwarobaini kikamgusa Sabapathi utosini, taratibu kabisa, kama mtu anavyomgusa mtoto aliyefaulu mtihani. "Nimeridhika," alisema Mama, na Bibi Pechi akaanguka mikononi mwa wanawake. Sudalai akaufungua uzi. Gari la Waziri lilitoka Vagaiyur kwa mwendo ambao mbwa hawakupata muda wa kulibwekea, na inasemekana ile picha ya video ilifika Chennai kabla yake, na Kathiresan nyumbani kwake alikwisha kuitazama mara mbili.

Nguzo zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Sabapathi alipewa mtaimbo na mtu asiyemjua. Alivua shati, akalikunja vizuri, akaanza na ya kwanza. Vijana walitaka kumsaidia, lakini mama zao wakawashika mikono: Mheshimiwa alisema huyu. Wakaketi ukingoni vijiji saba vizima na uji wao, wakamshauri. Mwingine alisema atikise kabla ya kuvuta. Mwingine alisema ofisa wa kabla yake angekuwa amefika ya kumi. Nguzo ya tano ilipotoka na waya kulala chini, mbuzi walipita juu yake bila kungoja tangazo, na nyuma yao wanawake na ndoo zao. Bi harusi mmoja wa mwaka ule, ambaye hakuwahi kuliona bwawa bila nyaya, aliingia maji mpaka magotini akasimama tu pale, analia na kucheka.

Kathiresan alikuja na pikipiki, akafoka kutoka mbali: nani kampa ruhusa? Sabapathi aliinua kichwa. Viganja vilikuwa vimechubuka, mgongo unawaka, na Chennai ilikwisha kwenda na maji. Alitaka kusema kwamba ni amri kutoka juu, lakini kila aliye juu alikuwa njiani kuiwahi ndege. Akainama akaendelea kuvuta. Kathiresan alitazama ule umati ukingoni, nao ukamtazama. Akageuza pikipiki.

Jua lilikuwa linapungua makali Bibi Pechi alipopita na mbuzi wake, nywele zimefungwa, mgongo umepinda kama kawaida. Alisimama akamtazama Ofisa Mtendaji kwa huruma nyingi.

"Baba, nani kakupa kazi ngumu namna hii?"

Sabapathi aliegemea mtaimbo. "Wewe, bibi."

"Mimi? Mimi nikipandwa sikumbuki hata neno moja." Akammiminia uji kwenye kibuyu, akangoja anywe wote, kisha akamnyooshea fimbo nyuma yake. "Lakini ile pale umeiruka."